Anzia kwa Jirani: Jinsi ya Kumchagulia Mtoto Vitabu vya Picha Vyenye Watu wa Kila Namna

Ita majina kwenye darasa la chekechea pale Mbeya mjini. Ataitika Mwakyusa wa Rungwe, Sanga wa Makete, Nzunda wa Mbozi, Mgaya wa Njombe, Kulwa ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe mpaka Usangu, na pengine Patel ambaye ukoo wake una duka mjini tangu enzi za babu. Kisha fungua kabati la vitabu la darasa hilohilo. Mara nyingi utakuta mtoto mmoja tu mwenye nywele za njano, analala chumbani peke yake, anaamka anakula mkate wa siagi, anatoka nje kucheza na theluji. Fungua kitabu cha pili, ni yeye tena.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, mwalimu wa chekechea na mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye watoto wa kati ya miaka miwili na saba. Watu wakisikia "vitabu vya tamaduni mbalimbali" wanawaza Japani, Mexico, nchi za barafu. Mimi nasema anzia kwa jirani. Mtoto asiyejua kwamba Mmaasai anayepita mtaani kwao ana watoto wanaomsubiri jioni kama yeye anavyomsubiri baba yake, picha ya mtoto wa Japani haitamsaidia kitu. Wa mbali watakuja, na nafasi yao ipo, ila wasiruke foleni.

Hatua ya 1: Tandika mkeka, toa vitabu vyote

Kabla hujatoa shilingi, jua ulichonacho. Toa vitabu vyote, hata vilivyong'oka majalada, uvitandaze chini. Vya wanyama watupu weka kando. Watoto wanavipenda na havina ubaya, lakini sungura na fisi hawatakusaidia kwenye jambo hili. Vilivyobaki, kila kimoja kiulize swali moja: hadithi hii ni ya nani? Usitazame nani kaonekana nyuma ya picha akipita na kikapu. Tazama ni nani anafuatwa na hadithi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wa hapa kwetu rundo lao, Waafrika wa kwingine lao, wazungu lao, Waasia na wengine lao.

Rundo moja litakuwa refu kuliko mengine yote, na sababu yake ni ya zamani. Vitabu vingi vya picha vya Kiingereza kwenye makabati yetu ni vya msaada au vya mitumba kutoka Marekani na Uingereza. Mwaka 1965 mwalimu wa Marekani, Nancy Larrick, alichapisha matokeo ya kupitia vitabu vya watoto zaidi ya 5,000 vilivyotolewa nchini kwake kati ya 1962 na 1964. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, kwenye maneno au kwenye picha, havikufika asilimia 7. Miaka 20 baadaye, mwaka 1985, kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kilianza kuhesabu, kikakuta kwamba kati ya vitabu kama 2,500 vya mwaka huo, ni 18 tu vilivyotungwa au kuchorwa na Wamarekani weusi. Kule mambo yamebadilika sana tangu wakati huo. Lakini kinachofika kwetu ndani ya boksi ni kile ambacho wenyewe wameshakisoma wakakichoka, kwa hiyo tunapokea leo upungufu wao wa miaka iliyopita.

Matokeo ya mkeka yaandike kwenye daftari. Orodha hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Hatua ya 2: Tafuta kioo, na usidanganywe na jalada

Mwaka 1990 Profesa Rudine Sims Bishop, naye wa Marekani, aliandika kwamba kitabu kinaweza kuwa kioo cha mtoto kujiona, na kinaweza kuwa dirisha la kuwaona wengine. Akasema pia jambo ambalo wengi hulisahau: mtoto anayejiona yeye tu katika kila kitabu naye anadhurika, maana anakua akidhani dunia nzima ni ya watu wa aina yake. Kwa hiyo unatafuta vyote viwili, na kioo kinatangulia.

Mtoto mweusi kwenye jalada hatoshi kukifanya kitabu kuwa kioo cha mtoto wa huku. Wachapishaji wetu wengi wako Dar es Salaam, na picha nyingi za vitabu vya Kiswahili zina Pwani ndani yake: minazi, ngalawa, jua kali, mtoto kifua wazi anakunywa dafu. Mtoto wa Makete anayeamka mwezi wa saba akakuta sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, imefunika majani ya viazi, huyo wa chini ya mnazi kwake ni mgeni, karibu sawa na yule wa kwenye theluji. Kitabu hicho kichukue, ni dirisha zuri, ila usikihesabu kama kioo.

Kioo cha Nyanda za Juu Kusini kina mtoto aliyevaa sweta na kofia ya kufuma. Kina mvua isiyokatika na mabuti ya mpira, nyumba ya tofali za kuchoma na bati, migomba iliyozunguka nyumba kama ilivyo Rungwe, viazi mviringo vikitolewa ardhini, chai ikichumwa Tukuyu au Mufindi, kahawa ikianikwa Mbozi, matufaha na parachichi za Njombe. Kina bajaji, kina Coaster iliyojaa, kina mama anayepanga nyanya mafungu mafungu sokoni Mwanjelwa. Kitabu chenye hayo yote hakipo. Ukipata chenye mawili matatu, kamata.

Jambo jingine ni familia. Vitabu vingi vina baba, mama na watoto wawili mezani, mvulana na msichana. Huku kwetu watoto wengi wanalelewa na bibi. Utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 uliitaja Njombe, Iringa na Mbeya kuwa mikoa mitatu ya juu nchini kwa kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima, na ukitaka kujua tarakimu hizo maana yake nini, angalia ni nani anakuja kusaini fomu za shule. Wengine wazazi wao wapo hai, wamekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Kitabu ambacho bibi ndiye anayeamsha, anayepika, anayekemea na kubembeleza, tena bila hadithi kumlilia mtoto kama yatima, ni kitabu cha thamani kubwa. Ukikiona, nunua nakala mbili.

Hatua ya 3: Mlete jirani ndani ya kitabu

Hapa ndipo ninapoomba usiharakishe.

Eneo letu lina watu wengi kuliko tunavyokumbuka tukikaa kila mmoja kijijini kwao. Wasafwa na Wamalila wako Mbeya, Wandali Ileje, Wahehe Iringa, Wabena Njombe, Wakinga Makete, Wapangwa Ludewa. Wakisi wanafinyanga vyungu kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa na kuvileta Matema kuviuza. Bonde la Usangu peke yake lina Wasangu wenyewe, Wasukuma, Wamaasai, Wabarbaig, na hata familia za Wabaluchi waliozaliwa na kukulia Rujewa. Ukivuka Mto Songwe pale Kasumulu unawakuta Wangonde wa Malawi, ambao Mnyakyusa akizungumza wanamwelewa. Tunduma na Nakonde, Mnyamwanga yuko pande zote mbili za mpaka.

Sasa chukua kitabu chako na uangalie jirani huyo anaonyeshwaje. Darasani tuna kitabu cha herufi ambacho M ni ya Mmaasai. Shuka nyekundu, mkuki, amesimama kwa mguu mmoja, nyuma yake jua linazama, na hana jina. Mmaasai ambaye watoto wetu wanamjua ni yule wa nje ya geti: anauza makubadhi ya matairi, ana simu mbili, na kila asubuhi anawauliza kama wamekunywa chai. Tulipofika ukurasa ule niliwauliza watoto, "Huyu anaitwa nani?" Wakatazamana. Mmoja akataja jina la yule wa getini, wote wakakubali, tukaliandika kwa kalamu chini ya picha. Tangu siku hiyo wanapofika hapo wanamwamkia kwa jina. Kitabu chenye kasoro ndogo kama hiyo huna haja ya kukitupa, unaweza kukifanyia kazi. Ila ukiwa dukani na una hela ya kitabu kimoja, chagua kile ambacho jirani ana jina, ana kazi, ana mtoto anayemsumbua, na kuna siku anakosea.

Kuna suala la utani. Sina ugomvi na utani wa makabila, umetushika mikono kwenye misiba na harusi kwa vizazi vingi, na mtani akikosekana msibani pengo lake linaonekana. Lakini utani unataka mtu anayejua kwamba huu ni utani. Mtoto wa miaka minne hajui. Akisikia ule utani kwamba Wahehe wanakula mbwa, anaamini, na kesho yake Mhehe mwenzake akifungua kopo la chakula anasogea mbali. Hadithi zinazobeba utani wa aina hiyo ziache kwa mababu, watamfundisha akifika umri wa kucheka na mwenye kutaniwa. Kwenye kitabu cha picha cha chekechea hazina nafasi, hata kama mchoraji ni hodari.

Na dini usiisahau. Mbeya makanisa ni mengi, na ni rahisi kabati zima likawa na Krismasi tu. Tafuta kitabu ambacho familia inafuturu, mtoto anashonewa nguo ya Idi, jirani Mkristo anapelekewa sahani ya pilau. Watoto wa Kiislamu darasani kwako wapo, hata kama ni wawili.

Hatua ya 4: Funika maneno kwa kiganja

Hii ndiyo njia ninayoitumia kwa kila kitabu, na inachukua dakika chache tu. Shika kitabu, funika maneno yote kwa kiganja, pitia picha peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto asiyejua kusoma anakiona hivyo hivyo.

Tazama mikono kwanza. Mikono ya nani inafanya kazi, ya nani inapokea? Kuna picha moja inajirudia kwenye vitabu vingi: mgeni mzungu katikati, watoto weusi wamemzunguka wamenyoosha mikono, yeye anagawa kalamu au peremende. Yeye kachorwa uso wake, wao wamechorwa vichwa kwa nyuma. Kitabu chenye picha hiyo nakiacha mezani hata kikiwa cha bure, kwa sababu mtoto wangu atajitafuta kwenye ile picha, na atajikuta kwenye vile vichwa.

Kisha tazama shida ya hadithi inatatuliwa na nani. Maji yamekauka kijijini: anayeleta suluhisho ni mtoto wa pale, ni bibi, ni fundi wa pale, au ni gari lililotoka mbali? Gari likija mara moja sio neno. Likija katika kila kitabu, ndilo somo ambalo mtoto amelishika.

Tazama ngozi na nywele. Wachoraji wavivu huchora sura moja halafu wanabadilisha rangi, na Waafrika wote wanapakwa kahawia moja. Angalia watoto wako: yupo mweusi tititi, yupo maji ya kunde, yupo mweupe. Mchoraji makini anawatofautisha. Anajua pia twende kilioni, anajua kichwa kilichonyolewa cha mtoto wa shule, anajua kilemba.

Mtoto mwenye ualbino yumo? Kama yumo, amevaa kofia pana na mikono mirefu, anakaa mbele darasani aone ubao, na anacheza rede na wenzake? Au yumo ili wenzake wamwonee huruma tu? Mikoa yetu nayo imeona ukatili dhidi ya watu wenye ualbino, na mtoto aliyezoea kumwona mwenzake huyo kwenye kitabu akicheka na kugombea mpira atakuwa mgumu kudanganywa na waganga matapeli. Hivyo hivyo kwa mtoto wa kiti mwendo au wa magongo. Iringa mjini kuna kituo cha Neema Crafts, kilichoanza mwaka 2003, ambako watu wenye ulemavu wanafuma, wanatengeneza karatasi na kuendesha mgahawa. Watoto wa Iringa wanawaona wakiwa kazini. Kitabu kisiwarudishe nyuma kwa kuwaonyesha wamekaa tu pembeni wakisubiri kusaidiwa.

Tazama nani yuko jikoni na nani yuko juu ya mti. Hilo sihitaji kulieleza.

Ukimaliza, toa kiganja usome maneno. Mara nyingi picha zikiwa na heshima, maneno nayo yanayo. Isipokuwa hivyo, utakutana na "washamba," "watu wa porini," "masikini wale." Rudisha mezani.

Hatua ya 5: Wa mbali wachague kwa mambo ya kila siku

Sasa nenda mbali, na uwatafute watu wa huko siku ya kawaida. Vitabu vingi kuhusu mataifa huonyesha sikukuu na mavazi ya sherehe tu, mtoto anadhani Wachina wanashinda wanacheza na joka la karatasi. Chagua ambacho mtoto wa huko anang'oka jino, anagombana na dada yake, anaogopa giza, anachelewa shule. Angalia pia kama ni watu wa leo. Wenyeji wa Marekani bado wapo, wanaendesha magari na wanasoma vyuo vikuu. Kitabu chenye manyoya kichwani na mishale tu kinamwambia mtoto kuwa watu hao walishakwisha.

Njia rahisi ya kuunganisha ni kushika kitu ambacho mtoto anakijua kwa mikono yake. Mtoto wa Kyela au Mbarali ameshakanyaga tope la jaruba. Mwonyeshe mtoto wa Vietinamu au India ameinama anapandikiza mpunga, hutahitaji kueleza kitu, yeye ndiye atakayekueleza kwamba maji yale yana ruba. Mtoto wa Tukuyu ana majani ya chai, na China ina majani ya chai.

Hatua ya 6: Lugha na umri

Hili ni fupi. Miaka miwili hadi mitatu: karatasi ngumu, picha kubwa, neno moja au sentensi moja kwa ukurasa. Miaka minne na mitano: sentensi mbili tatu, hadithi inayosogea. Sita na saba wanavumilia aya nzima na wanaanza kubisha, ambalo ni jambo jema.

Kiswahili kwanza. Kitabu cha Kiingereza chenye picha nzuri usikiache, kisimulie kwa Kiswahili huku mmeshika picha. Bibi wa nyumbani mpe kitabu hichohicho akisimulie kwa Kinyakyusa au Kihehe. Watoto hawachanganyikiwi, wanafurahi. Kabla ya kununua cha Kiswahili, soma ukurasa mmoja kwa sauti palepale dukani. Ulimi ukijikwaa, ujue kimetafsiriwa bila kusikilizwa, na mtoto atachoka kabla yako.

Hatua ya 7: Pa kuvipata

Waulizie kwa majina: Mkuki na Nyota, E&D Vision na Readit Books wanachapisha vitabu vya watoto vya Kiswahili. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, ulisaidia kutolewa kwa vitabu vingi vya hadithi, na nakala zake bado zinaonekana kwenye maktaba za shule. Maktaba za mkoa, Mbeya na Iringa, ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Nenda ukae uvisome kabla ya kununua. Maduka ya vitabu ya makanisa nayo yapitie, yana zaidi ya vitabu vya dini.

Mwenye simu asijione hana kitu. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za picha za bure za lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. StoryWeaver ya Pratham Books ya India nayo ni hivyo hivyo. Hadithi zao nyingi zina leseni ya wazi, yaani unaruhusiwa kuzichapa, kuzitafsiri na kuzigawa mradi uwataje watunzi na wachoraji, ila soma masharti ya kila hadithi kabla ya kuichapa. Pakua mahali penye mtandao mzuri, hifadhi kwenye simu, kachapishe kwenye duka la kutoa kopi. Ukikosa hela ya rangi, chapa nyeusi na nyeupe, watoto watapaka wenyewe.

Mwalimu wa shule azingatie ithibati. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya ziada visitumike shuleni, kwa hiyo hakikisha kitabu kinaruhusiwa kabla hujakipeleka darasani, hata kama wewe umekipenda.

Kuhusu msaada: mtu akisema anataka kuwaletea vitabu, mpelekee ile orodha ya mkeka kabla hajafunga boksi. Mwambie bila aibu: tuna wanyama wa kutosha, tuna theluji ya kutosha, tunaomba vya Kiswahili, au hela tununue hapa. Anayetaka kusaidia kweli atashukuru kuambiwa. Vikishafika vilivyofika, una haki ya kuchagua, na shukrani haikulazimishi kuvipanga vyote kwenye kabati.

Hatua ya 8: Soma naye, na ujibu maswali yake

Watoto wanaona tofauti za watu mapema sana, kabla hawajaweza kuzisema. Ukinyamaza, hawaachi kuziona. Wanatafuta majibu kwingine, na huko kwingine majibu yanaweza kuwa mabaya.

"Mwalimu, mbona huyu hana mguu?" Usimwambie nyamaza. "Ndiyo mwanangu, mguu mmoja hana, anatembea na magongo. Haya, tuone anakwenda wapi." Jibu, halafu rudi kwenye hadithi.

"Huyu mweusi, mbaya." Hili utalisikia, tena kutoka kwa mtoto mweusi. Usifoke. Muulize, "Nani alikwambia mweusi ni mbaya?" Sikiliza jibu, maana mara nyingi limetoka nyumbani, kwa shangazi anayejipaka mkorogo au kaka anayetania. Kisha sema unachoamini, kwa maneno machache: "Mimi namwona mzuri. Tazama macho yake." Na kitabu hicho kirudie wiki hiyo hiyo, mara nyingi. Mazoea ya jicho yanajengwa kwa kurudia.

"Mzungu ana hela." Mwambie wapo wenye hela na wapo wasio nazo, na umwonyeshe kitabu chenye mtoto mzungu ambaye mama yake anapanda basi na kuhesabu chenji. Vitabu hivyo vipo. Ukivipata usiviache, vinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 9: Kisichopatikana, tungeni

Bado kwenye daftari lako kutakuwa na mapengo. Kitabu cha Mkisi na chungu chake, cha mtoto wa mfugaji Usangu, cha mwanamke wa Iringa anayesuka kikapu cha milulu, sijui utakinunua wapi. Kitungeni.

Mfano unaofaa Mbeya ni TAZARA. Reli hiyo ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na Watanzania, Wazambia na Wachina pamoja. Wazee waliobeba mataruma yake bado wapo mitaani. Mwalike mmoja darasani, aeleze walikula nini, walilala wapi, waliongeaje na Mchina asiyejua Kiswahili, kipande gani kati ya Mlimba na Makambako kiliwatoa jasho. Hapo kwenye hadithi moja una babu wa mtaani, una Mzambia, una Mchina, wote wakiwa na majina na koleo mikononi.

Andika maneno yake kwa ufupi, sentensi mbili kwa ukurasa, kurasa 12 zinatosha. Watoto wachore. Kama ni picha za simu, omba ruhusa ya kila mzazi kwanza, na ya mzee mwenyewe. Kunja karatasi za A4 katikati, shona kwa sindano na uzi mnene kwenye mkunjo, maana pini za stepla zinashika kutu na kuchoma vidole. Jalada liwe la manila, lifunikwe nailoni kule kwa watoa kopi. Ndani usifunike, ili ukurasa ukichanika mtoto achore mwingine. Nyuma ya jalada andika aliyesimulia, waliochora, mtaa na mwaka. Kabla hujakiweka kabatini, msomee mzee akisahihishe. Toa nakala mbili, ya pili ni yake.